Karatasi ya Pinki

Mimi niliajiriwa niwe karani wa stoo. Barua yangu ya ajira inasema hivyo, na siku hizi naitoa kabatini mara kwa mara nikitafuta neno "mwalimu". Halimo. Mna kupokea alizeti, kupima, kuandika daftari, kutoa mafuta, kutoa mashudu, halafu mwisho kabisa, pale ambapo macho huwa yameshachoka, "na kazi nyingine utakazopangiwa". Ndugu msomaji, ukiletewa barua yenye maneno hayo, usitie saini kabla hujauliza hizo nyingine ni zipi na zinaanza saa ngapi. Zangu zilianza saa kumi na moja jioni, watu wenye akili zao wakiwa njiani kwenda nyumbani.

Kiwanda chetu kipo Singida mjini na si kikubwa. Mashine mbili za kukamua kutoka India, boila moja yenye tabia zake, chujio, mizani, na stoo ambayo ndiyo nyumba yangu ya pili. Hatufiki watu thelathini, ukiwatoa vibarua wa msimu. Miaka yote tumekamua, tumeuza, tumelala. Kisha yakatokea mambo mawili ndani ya wiki moja, nikajikuta nimeshika chaki.

La kwanza lilikuwa la mashudu. Magunia manne yalilowa mvua yakaota ukungu. Nikayatenga pembeni, nikayaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: REJECT. Kesho yake likaja lori la mteja wa Dodoma, na vijana wetu wa kupakia wakaanza na yaleyale manne. Nilijua baada ya simu kupigwa kutoka Dodoma: ng'ombe wa mteja walikuwa wamenusa wakageuza shingo. Nilipowahoji vijana walinijibu kwa adabu kabisa. Waliona magunia yametengwa na yamepambwa kwa rangi, wakajua ni mzigo wa mtu maalumu. Na kwa kweli ningechora X nyekundu wasingeyagusa. Hakuna Mtanzania asiyejua maana ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyo karibu na barabara. Lakini mimi msomi, nikaandika REJECT.

La pili lilikuwa la wageni. Walikuja wanunuzi kutoka nje, na mmoja wao, kijana mchangamfu, akashuka kwenye gari akamwambia mlinzi wetu wa getini, "How are you?" Mlinzi wetu ni mzee wa umri ambao hakuna anayethubutu kuuulizia. Kwa uzoefu wake, kijana akikutolea maneno ya salamu kwa sauti ya uchangamfu, jibu ni moja. Akajibu, "Marahaba." Mgeni akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Bosi, aliyekuwa amesimama kando na suti, akatamani ardhi ipasuke.

Jumatatu tukaitwa kikao. Bosi akasema tatizo la kiwanda hiki ni elimu. Watu watafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiingereza juu yake, kwa miezi mitatu, na mwalimu ni karani wa stoo. Nikanyoosha mkono. Nikasema, bosi, kwa lile la mashudu, si tungeandika tu MBOVU? Akanitazama kama nimependekeza tukamue alizeti kwa meno. Eti wageni wakikuta kiwanda kimeandikwa MBOVU watatuonaje? Sikujua kwamba ukungu ukiitwa REJECT unanukia vizuri zaidi.

Nikajaribu kujitoa kwa njia nyingine. Nikasema elimu yangu ni kidato cha nne tu. Bosi akasema inatosha. Kiingereza nilipata D, jambo ambalo hajawahi kuuliza na mimi sijawahi kumsumbua nalo. Mwaka 2017, serikali ilipohakiki vyeti, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine tuna shida tofauti na hiyo: cheti changu ni halali, na ile D ni halali kuliko vyote.

Bajeti? Tangu bei ya alizeti ianguke mwaka 2023, ombi lolote la fedha kiwandani kwetu hujibiwa kwa historia ya bei ya alizeti. Ukiomba ufagio utaelezwa habari za mafuta yanayoingizwa kutoka nje. Nilipewa boksi moja la chaki na ruhusa ya kupaka mlango wa stoo rangi nyeusi. Vitabu, akasema bosi, havina haja: "Tumia karatasi zilizopo kiwandani." Kumbukeni maneno hayo. Yeye ameshayajutia.

Basi tukaanza, wanafunzi kumi na wawili, nje ya stoo, jioni. Wasioijua Singida niwaambie: hapa upepo una haki zake. Kwa miaka mingi tumesikia habari za kufua umeme kwa upepo wa Singida. Mimi si mtaalamu, ila naweza kushuhudia kwamba ule wa siku ya kwanza ungewasha taa mpaka Manyoni. Uliishia kupeperusha karatasi za wanafunzi wangu hadi kwenye lundo la mashudu, na vumbi la chaki likanirudia lote usoni. Nilifika nyumbani mke wangu akauliza kama siku hizi tunakamua unga.

Upepo unavumilika. Kinachochosha ni adabu. Wanafunzi wangu wengi wamenizidi umri, na hapa kwetu humwambii mtu mzima "umekosea" kama unayemwambia mtoto wa darasa la pili. Kila kosa lina itifaki yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama, samahani, hii uliyoandika ni b, tulikuwa tunatafuta d." "Ehee. Kwani tumbo likiwa upande huu linadhuru nini?" Nami nabaki nimesimama, kwa sababu hakuna chuo kilichonifundisha sababu ya d kugeuka upande wa pili.

Mwanafunzi aliyenikosesha usingizi ni yule mlinzi. Historia yake niwaeleze. Kila gari likitoka na mzigo, mimi naandika geti pasi nakala tatu: nyeupe ya mteja, njano inabaki kwenye kitabu, pinki ya mlinzi. Mzee alikuwa anaipokea ile ya pinki, anaitazama kwa makini, anaitazama tena, anafungua geti. Tuliamini anasoma. Mwaka mmoja duka la vifaa vya ofisi likaishiwa vitabu vyenye pinki, tukauziwa vyenye kijani. Lori likazuiwa getini saa tatu nzima. Dereva analia, bosi anapiga simu, mzee amekaa kwenye kigoda chake anasema, "Karatasi yangu siyo hii." Tangu siku hiyo kiwanda kizima tulijua kwamba mzee hajui kusoma, na ofisi ikatoa agizo kwamba vitabu visivyo na pinki visinunuliwe tena. Badala ya kumfundisha mlinzi kusoma, tulifundisha duka rangi.

Kwa hiyo nilimweka kundi la a-e-i-o-u. Alikaa hapo wiki mbili bila kulalamika, amenyoosha mkono wake mbele na karatasi mwishoni mwa mkono, kichwa amekirudisha nyuma kama anayepigwa picha. Wiki ya tatu yule mama anayejaza mashudu, ambaye naye alikuwa anakunjakunja uso kila nikiandika ubaoni, akaja na miwani ya kusomea ya machinga. Mzee akaiazima. Akaivaa, akaichukua karatasi, akasoma kuanzia juu hadi chini bila kusita, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, tangazo lote la kukatika kwa maji.

Tukakaa kimya. Nikamuuliza, mzee, kumbe? Akasema, "Mwanangu, hukuniuliza kama najua. Uliniambia nikae hapa, nikakaa."

Mzee huyu alisoma kwenye mashamba ya mkonge Tanga, alikokwenda kutafuta kazi kama vijana wengi wa huku kwetu zama zile. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui kwamba nchi hii ilishawahi kuchukulia kisomo cha watu wazima kama vita. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa akatoa waraka wa kuagiza sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ikakusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio na kujifunza kuchimba vyoo. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Mwaka 1986 walisemwa wamebaki asilimia 9.6. Mzee wangu ni mmoja wa waliohesabiwa kwenye ushindi huo. Kisha akakaa miaka mingi bila gazeti, bila barua na bila miwani, getini, akipokea karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Maana hilo ndilo lililonikera zaidi ya chaki. Nikaitazama geti pasi yetu kwa macho ya mzee. GATE PASS. VEHICLE NO. DESCRIPTION OF GOODS. AUTHORISED BY. Hakuna neno hata moja ambalo kisomo cha Tanga kingemsaidia. Rangi ya pinki ndiyo pekee iliyokuwa inaeleweka pale, na yeye akaielewa. Mlango wa boila: DANGER. Kabati la dawa: FIRST AID. Stoo yangu: NO ENTRY, na kila mtu anaingia. Tumeandika kwa lugha wasiyoijua, halafu tunawaweka darasani baada ya kazi wajifunze lugha hiyo, ili wasome tulichoandika. Kopo moja la rangi na brashi ya inchi mbili vingemaliza shughuli. Mwalimu Nyerere alimchukua Shakespeare mzima akamleta kwenye Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963, na yule mfanyabiashara wa Venice mwaka 1969. Sisi tunashindwa kutafsiri NO ENTRY.

Niliyasema haya darasani kwa ukali kidogo, nikitegemea kupigiwa makofi. Kijana mmoja wa kupakia akanikata. "Mwalimu, wewe Kiingereza unacho, ndiyo maana unakidharau. Mimi nataka kuendesha lori la kwenda Zambia. Nipe." Nikatamani kumwambia kwamba ninachokidharau nilipata D, nikanyamaza. Tukaendelea na Kiingereza.

Kiingereza chenyewe kilinidhalilisha. Kiswahili ukishashika silabi umemaliza, unasoma hata usichokielewa. Sasa nikaandika ubaoni neno la kazi yetu ya kila siku: RECEIPT. Nikasema, hii inasomwa "risiti". Mama wa mashudu akatazama, akahesabu herufi kwa kidole, akauliza, "Hiyo p hapo karibu na mwisho inafanya nini?"

Nikasema haifanyi kitu. Haitamkwi.

"Haifanyi kitu, lakini ipo kwenye orodha?"

"Ipo."

"Basi ni mfanyakazi hewa."

Darasa likavunjika kwa kicheko. Tangu siku hiyo somo la Kiingereza likageuka uhakiki. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwasaka wafanyakazi hewa serikalini. Wanafunzi wangu wakawasaka kwenye kamusi. KNOB, k nje. WEIGHT, g na h nje, wawili kwa mpigo. Waliponifikisha kwenye ENOUGH nikasema tumeishiwa chaki.

Yule mama ndiye aliyepiga hatua kuliko wote, na ndiye aliyenitia matatani. Alikuja hajui hata a. Ila hesabu alikuwa ananifundisha mimi: mwambie magunia, kilo na bei, anakupa jibu kabla hujapata kikokotoo kwenye simu, na shilingi za ushuru ameshatoa. Neno refu la kwanza alilolisoma mwenyewe lilikuwa "imethibitishwa", kwenye ujumbe wa pesa kwenye simu yake. Miaka yote mjukuu ndiye aliyekuwa anamsomea ujumbe huo. Jioni ile alisoma na tarakimu iliyofuata, akakaa kimya kidogo, akaomba ruhusa kwenda nyumbani mapema. Sikuuliza, lakini mjukuu namwona siku hizi anatembea kwa miguu.

Mwisho wa mwezi akaenda kuchukua mshahara, akakataa kuweka dole gumba. Akaandika jina lake, herufi moja moja, ulimi nje, foleni nyuma yake ikiguna. Mhasibu akaitazama ile saini, akafungua daftari la mwezi uliopita, akasema, "Mama, saini hii hailingani na ya mwanzo." Mama akasema, "Ya mwanzo ilikuwa kidole." Mhasibu akasema taratibu ni taratibu. Nikaitwa mimi kama shahidi, nikaandika barua ya kuthibitisha kwamba kidole na mwandiko ni vya mtu mmoja. Nimeshaandika barua saba za namna hiyo. Malipo, sifuri.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya bosi: tumia karatasi zilizopo. Tulishamaliza matangazo, lebo za madumu na kurasa za Mwanaspoti, ambazo ziliwafundisha watu wangu kusoma kwa kasi kuliko mbinu yoyote ninayoijua. Mzee akaleta mkataba wake wa kazi. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, chini dole gumba. Akasema, "Mwalimu, na hii ni karatasi ya kiwandani. Tusome."

Nikajikongoja na D yangu. Kijana wa kupakia akasaidia kwa simu. Mwanafunzi mwingine, ambaye binti yake anasoma uhasibu hapahapa mjini, akaja kesho yake na habari kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa masharti yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna anayoielewa. Likizo ya mwaka, siku 28. Saa za kazi kwa wiki, 45. Ukizidisha, kila saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Nikaandika ubaoni: 1½. Nikadhani nafundisha sehemu.

Mzee akavua miwani. "Tanga darasa letu lilikuwa ndani ya saa za kazi," akasema, taratibu, kama anayezungumza na geti. "Hili letu ni la saa ngapi?"

Nikasema, baada ya kazi.

Mama wa mashudu hakuhitaji kikokotoo. "Tumekaa hapa jioni ishirini na sita, saa moja kila jioni, kwa amri ya bosi. Moja na nusu." Akataja kiasi cha kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kwa mshahara wake, kichwani. Kisha wote kumi na wawili wakanigeukia. Mwalimu, wakasema, wewe ndiye unayeongea na bosi.

Sitasimulia kikao kile. Niseme tu kwamba historia ya bei ya alizeti ilisomwa yote, na safari hii haikusaidia, kwa sababu mama alikuwa anaijua vizuri zaidi. Bosi akaomba wiki moja. Wiki ilipoisha wakalipwa, kwa mafungu mawili. Darasa likahamishiwa saa tisa hadi saa kumi alasiri, Jumanne na Alhamisi, ndani ya saa za kazi. Mikataba imepelekwa kutafsiriwa. Kiingereza kimebaki kwa wanaokitaka, ambao ni yule kijana wa Zambia na wenzake watatu.

Na mimi? Niliuliza. Nilikaa jioni zilezile, nikala vumbi lilelile, basi nami nina moja na nusu yangu. Bosi akafungua droo, akatoa barua yangu ya ajira, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Sikuwa na haja ya kusoma. Na kwa kuwa Jumanne na Alhamisi saa tisa niko ubaoni, kazi za stoo zinanisubiri, kwa hiyo natoka saa kumi na mbili. Wanafunzi wangu wananipungia mkono wakipita. Mmoja amezoea kuniambia "Good evening, teacher", akitamka vizuri kabisa.

Magunia mabovu sasa yameandikwa MBOVU. Mlango wa boila umeandikwa HATARI, na mzee ndiye aliyeshika brashi. Geti pasi bado ni za Kiingereza, kwa sababu vitabu vilivyokwisha kuchapwa vimebaki arobaini na kimoja na bosi amekataa kuvitupa.

Mwenye miwani ya kusomea asiyoitumia, naomba aniletee. Wanafunzi wangu watano bado wanaazimana miwani miwili, na nimeshindwa kujua nani hajui kusoma na nani haoni. Kiwanda si kigumu kukipata, fuata harufu ya mashudu. Ila ukija na gari na ukapakia mzigo wowote, usiondoke bila karatasi ya pinki. Mzee sasa anasoma kila mstari, na ya kijani bado anaikataa.